Muwasho, Usingizi na Sindano za Kichina kwa Wanaosafishwa Damu

Figo zikishindwa kabisa kufanya kazi, mgonjwa huunganishwa na mashine ya kusafisha damu kwa takriban saa 4, mara 3 kwa wiki akijaliwa, mara 2 kama mfuko hauruhusu. Tangu Willem Kolff alipounda figo bandia yake kule Kampen, Uholanzi, mwaka 1943, na hasa tangu Belding Scribner wa Seattle alipopata mwaka 1960 njia ya kuifikia damu ya mgonjwa mara kwa mara, maradhi yaliyokuwa hukumu ya kifo yamegeuka kuwa maradhi ya kuishi nayo. Lakini mashine, hata iwe bora namna gani, hujitahidi kufanya katika saa 12 za wiki kazi ambayo figo nzima huifanya kwa saa zote 168. Kisichosafishwa hubaki mwilini, nacho hujitangaza kwa njia zake: muwasho, uchovu usioisha kwa kulala, misuli kukakamaa, kichefuchefu, miguu isiyotulia usiku, na usingizi wa mang'amung'amu. Majibu ya maabara yanaweza kusomeka vizuri huku mwenyewe yu hoi.

Makala hii inahusu swali ambalo wagonjwa hutuuliza kwa sauti ya chini, mara nyingi wakiwa wamekwisha kuliuliza kwingine: je, akupancha, yaani tiba ya sindano nyembamba za Kichina, inaweza kupunguza mateso hayo? Nitajikita zaidi katika muwasho, kwa sababu ndio uliochunguzwa kwa namna inayoweza kutufunza kitu, na kwa sababu ndio tunaoudharau kuliko dalili nyingine zote.

Tunaudharau kwa kuwa hauonekani. Ngozi ya mgonjwa huwa haina upele wala ukurutu. Kilichopo ni alama za kucha. Wengine hudhani ni mzio wa chakula, wengine huambiwa na jamaa kwamba wamechezewa, na wengi hawamwambii daktari kabisa kwa kuwa hawaoni uhusiano wa ngozi na figo. Uchunguzi mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka 2006, uliofuatilia zaidi ya wagonjwa 18,000 wa mashine katika nchi 12, ulikuta asilimia 42 kati yao wakiwa na muwasho wa wastani hadi mkali sana. Wenye muwasho walikuwa na hatari ya kufa iliyozidi ya wenzao kwa asilimia 17. Watafiti walipozingatia ubora wa usingizi, tofauti hiyo ilififia hata isiweze kuthibitishwa. Nalisoma jambo hilo hivi: muwasho huiba usingizi, na kukosa usingizi usiku baada ya usiku ndiko kunakomdhoofisha mtu. Si kero ndogo ya ngozi.

Chanzo chake si kimoja. Zipo taka ambazo mashine huzitoa kwa shida. Ipo fosforasi inayopanda pamoja na kazi iliyozidi ya vitezi vinne vilivyo nyuma ya tezi ya shingo. Upo ukavu wa ngozi, kwa kuwa tezi za jasho za wagonjwa hawa hunywea. Na lipo suala la mizani ya kemikali zinazotengenezwa na mwili wenyewe, zilizo ndugu wa mofini. Baadhi ya kemikali hizo huchochea muwasho, na nyingine huutuliza. Kwa mgonjwa wa figo inaelekea mizani imelalia upande wa uchochezi. Msomaji alishike hili la mwisho, maana tutalirudia.

Mwaka uliopita mwalimu mmoja mstaafu, mzee wa miaka sabini na ushee, alinisimamisha nilipokuwa nikipita kati ya vitanda. Nilimwamkia shikamoo, naye baada ya marahaba akanionyesha mgongo. Ulikuwa umechanika kwa mistari mirefu. "Mwanangu daktari," akasema, "nakuna kwa gunzi la hindi. Kucha hazitoshi tena." Kisha akaeleza kwamba watoto wake wamechanga fedha. Wamesikia juu ya kliniki ya Wachina inayochoma sindano, na wanataka kumpeleka kwa mizunguko kumi. "Niende, nisiende?"

Kabla ya kumjibu nilimuuliza anasafishwa mara ngapi kwa wiki. Mara 2. Fosforasi? Ilikuwa juu, na vidonge vya kuifunga alikuwa akivimeza asubuhi tumbo likiwa tupu, wakati vidonge hivyo havina kazi visipokutana na chakula tumboni. Anaogea nini? Sabuni ya kufulia, kwa maji ya moto, "ili kuua wadudu." Nilimwambia mwalimu kwamba fedha za watoto zina mahali pa kwenda kabla ya kwenda kwa Mchina. Mahali hapo ni kiti kilekile alichokalia, kwa mara ya tatu katika wiki.

Nalieleza hili kwa urefu kwa sababu ndipo penye uzito wa jambo lote. Katika nchi ambako mgonjwa hulipiwa kila kitu, akupancha huongezwa juu ya tiba iliyokamilika. Kwetu inaweza kuchukua nafasi ya kilo moja ya sukari, ya nauli, au ya mzunguko mmoja wa mashine. Hivyo swali "je, inasaidia?" haliwezi kutenganishwa na swali "inalipiwa na kipi?"

Yapo mambo yanayotangulia. Mgonjwa asafishwe damu ya kutosha. Fosforasi ishushwe kwa chakula na kwa vidonge vinavyomezwa katikati ya mlo. Ngozi ilainishwe kila siku kwa mafuta mgando yasiyo na manukato, mara tu baada ya kuoga kwa maji yasiyo moto. Muwasho ukibaki, gabapentini kwa kipimo kidogo, kwa mfano miligramu 100 baada ya kusafishwa damu, huwasaidia wengi, lakini ni lazima kiwe kidogo kweli, kwa sababu kipimo cha mtu mwenye figo nzima humlevya mgonjwa wa mashine na kumwangusha. Vidonge vya mzio, ambavyo ndivyo vinavyoandikwa kwa wingi, kwa muwasho huu husaidia zaidi kusinziza kuliko kutuliza.

Sasa twende Taiwan. Kisiwa hicho ni miongoni mwa sehemu za dunia zenye idadi kubwa zaidi ya watu wanaosafishwa damu kwa kulinganisha na wakazi wake. Bima yake ya afya ya taifa, iliyoanza mwaka 1995, hulipia mashine na hulipia tiba ya Kichina pia. Kwa hiyo si ajabu kwamba huko ndiko wauguzi na madaktari wa figo walikoanza kuuliza kwa utaratibu kama sindano za wazee wao zina faida kwa mgonjwa wa mashine. Mwaka 2005 ulichapishwa uchunguzi wa wagonjwa 40 wenye muwasho uliokwisha kushinda dawa za kawaida. Nusu yao walichomwa mahali paitwapo Quchi, penye ncha ya nje ya mkunjo wa kiwiko mkono ukiwa umekunjwa. Nusu nyingine walichomwa sentimita 2 kando ya hapo, mahali ambapo wataalamu wa Kichina hawapahesabu kuwa na nguvu yoyote. Kila mmoja alichomwa mara 3 kwa wiki kwa mwezi mmoja. Katika kundi la kwanza alama za muwasho zilishuka kutoka 38 hadi 17, na miezi mitatu baadaye zilikuwa bado chini. Katika kundi la pili zilibaki 37.

Matokeo mazuri namna hii humfurahisha mgonjwa. Mimi huyatazama mara mbili. Anayeshiriki jaribio la muwasho kwa kawaida hupata nafuu kiasi hata akipewa kitu kisicho na dawa ndani, kwa sababu anahudumiwa, anasikilizwa, na anatarajia kupona. Katika jaribio kubwa la Marekani la dawa iitwayo difelikefalini, lililochapishwa mwaka 2020 na kuhusisha wagonjwa 378, karibu watu 3 katika kila 10 waliochomwa dawa bandia walipata nafuu ya maana. Waliopewa dawa yenyewe walikuwa kama nusu. Itakuwaje basi watu 20 wa Taiwan wachomwe sindano halisi mwezi mzima, karibu kabisa na mahali palepale, na wasisogee hata kidogo? Yawezekana ndivyo ilivyokuwa. Yawezekana pia kwamba aliyechoma, ambaye bila shaka alijua anachoma wapi, alimchoma mmoja kwa matumaini na mwingine kwa kutimiza wajibu, na mgonjwa akalihisi hilo. Uchunguzi wa watu 40 hauwezi kututenganishia mambo hayo mawili.

Mwaka 2016 wataalamu wa Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya na kupima majaribio ya tiba duniani, walichapisha mapitio ya akupancha na tiba za jamii yake kwa watu wenye maradhi sugu ya figo. Walipata majaribio 24 yenye washiriki 1,787. Waliona dalili za nafuu ya muda mfupi, hasa kwa ubonyezaji wa vidole, katika uchovu, huzuni, usingizi na muwasho. Lakini ushahidi wenyewe waliuweka katika daraja la chini kabisa la uthabiti, kwa kuwa majaribio mengi yalikuwa na kasoro za namna yalivyoendeshwa. Anayesema "sayansi imethibitisha akupancha kwa wagonjwa wa figo" amepita mipaka. Anayesema "ni uganga mtupu" naye hajasoma.

Je, kuna sababu ya kimwili ya kudhani kwamba sindano inaweza kutuliza muwasho? Ipo. Mwaka 1977 watafiti walionyesha kwamba nafuu ya maumivu iliyoletwa na akupancha ilipungua watu walipochomwa naloksoni, dawa inayozuia mofini isifanye kazi. Maana yake, sindano ilikuwa imeuamsha mwili utoe dawa yake wenyewe. Han Jisheng wa Beijing aliendelea na njia hiyo kwa miaka mingi, akaonyesha kwamba umeme mdogo ukipitishwa katika sindano kwa mapigo 2 kwa sekunde huamsha kemikali za jamii moja, na kwa mapigo 100 kwa sekunde huamsha nyingine, ikiwamo dainofini. Dainofini hufanya kazi katika mlango uleule wa seli ambao difelikefalini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa muwasho wa wagonjwa wa mashine, imeundwa kuufungua. Huo ndio upande wa mizani unaotuliza muwasho, niliomwomba msomaji aushike. Haithibitishi kwamba Quchi inatibu, lakini inatosha kunizuia nisicheke. Na dawa hiyo mpya ni ghali. Wagonjwa wangu wengi hawataifikia leo wala kesho.

Kuhusu usingizi na uchovu, habari ya kuvutia zaidi haihitaji sindano hata moja. Mwaka 2003 wauguzi wa Taiwan walichapisha jaribio la wagonjwa 98 waliogawanywa kwa kura katika makundi matatu: waliobonyezwa kwa vidole mahali panapostahili, waliobonyezwa mahali pa bandia, na walioendelea na huduma ya kawaida. Waliobonyezwa mahali panapostahili walilala vizuri zaidi kuliko wale wa huduma ya kawaida. Msomaji makini atauliza kuhusu wale wa kati, na ana haki. Inawezekana kabisa kwamba sehemu kubwa ya nafuu huletwa na kushikwa mkono kwa dakika kumi na tano na mtu asiye na haraka. Kama ni hivyo, sioni kwa nini tuione haya. Wodi zetu zina mashine nyingi kuliko mikono, na ubonyezaji anaweza kufundishwa hata binti wa mgonjwa. Kwa kichefuchefu, mahali pa kubonyeza ni upande wa ndani wa mkono, upana wa vidole vitatu kutoka mkunjo wa kifundo, katikati ya kano mbili. Mahali hapo pana ushahidi mzuri kwa waliotoka kufanyiwa upasuaji, na kupajaribu hakuna gharama, ilimradi uwe mkono usio na njia ya damu.

Kuna neno moja linalotuponza. Neno hilo ni figo lenyewe. Katika tiba ya Kichina "figo" si kiungo kile tunachokipima kwa kreatinini. Ni jina la mkusanyiko wa kazi za mwili unaogusa uzazi, mifupa, masikio, nywele na nguvu za uhai. Tabibu wa Kichina akimwambia kijana mwenye maumivu ya kiuno kwamba "figo lako ni dhaifu," anasema jambo la maana ndani ya elimu yake, na kijana huyo anaweza kuwa na figo nzima kabisa. Hatari iko upande wa pili. Mgonjwa wa mashine akiambiwa na mkalimani kwamba "figo lako limeanza kupata nguvu," husikia alichokuwa akikiomba kwa Mungu kila usiku, na Jumatatu haonekani. Potasiamu haisubiri tafsiri. Siku chache bila mashine zinatosha kuusimamisha moyo. Kwa hiyo tuseme waziwazi: hakuna sindano inayofufua figo lililokwisha kunyauka, na hakuna tabibu wa Kichina mwenye elimu ya kweli atakayekuambia uache kusafishwa damu. Akikuambia hivyo, amekwisha kujitambulisha.

Anayeamua kujaribu, ajue haya. Mkono wenye fistula, ule muungano wa ateri na vena tunaouchoma kwa ajili ya mashine (usichanganywe na fistula ya uzazi), hauguswi: si kwa sindano, si kwa kubonyezwa kwa nguvu, si kwa vikombe vya kuumika. Vivyo hivyo shingo au kifua chenye mrija. Siku ya mashine mgonjwa hupewa heparini ili damu isigande, hivyo ni salama zaidi kuchomwa siku ya katikati, au kabla ya dawa hiyo kuingia. Anayetumia dawa nyingine za kuyeyusha damu aseme. Mwenye kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo asiunganishwe na umeme. Mwenye kisukari, ambaye nyayo zake zimekufa ganzi, asikubali tiba ya kuchoma majani karibu na ngozi, maana ataungua asijue, na kidonda cha mguu wa kisukari sote tunajua kinakoishia.

Sindano ziwe mpya, za kutumika mara moja, zifunguliwe mbele ya macho yako. Wagonjwa wa mashine tayari wako katika hatari ya homa ya ini aina ya B na C, ndiyo maana tunawachanja na kuwapima. Ingekuwa msiba mtu ajikinge miaka mingi wodini, kisha aambukizwe akitafuta usingizi. Sindano safi katika mikono yenye mafunzo huleta madhara machache: tone la damu, alama ya bluu, kizunguzungu. Madhara makubwa, kama kutoboa pafu, ni nadra na hutokana na kuchoma kifua au bega kwa kina kisichostahili. Na tusisahau kipimo cha mambo: sindano ya akupancha ina unene wa robo milimita hivi, ilhali ile ya mashine ina milimita moja na nusu au zaidi, na anayesafishwa mara 3 kwa wiki hupokea mbili kila mara, zaidi ya 300 kwa mwaka. Wagonjwa wetu hawaogopi sindano. Wanaogopa mengine.

Mimi naogopa kifurushi. Mara nyingi anayetoka kuchomwa sindano hupewa pia unga au vidonge vya mitishamba "vya kusaidia kazi." Mwaka 1993 madaktari wa Brussels, Ubelgiji, walitangaza kwamba wanawake waliokuwa wakihudhuria kliniki ya kupunguza unene walikuwa wakiharibikiwa figo kwa kasi ya kutisha. Ilikuja kuonekana kwamba mmea mmoja wa Kichina ulikuwa umechanganywa kimakosa na mwingine wa jamii ya aristolokia, wenye sumu ya figo. Wanawake zaidi ya 100 walipatikana na madhara, wengi wao wakaishia kwenye mashine au kupandikizwa figo, na baadhi wakapata saratani ya njia ya mkojo. Kwa mgonjwa ambaye bado anatoa mkojo kidogo, mkojo huo ni akiba ya thamani kubwa, na mitishamba isiyojulikana inaweza kuumaliza. Nyingine zimejaa potasiamu. Chomwa sindano ukitaka. Kifurushi kiache mezani, au kilete tukitazame.

Uhusiano wetu na tabibu wa China si wa jana. Timu zao za madaktari zilifika Zanzibar mwaka 1964 kutoka jimbo la Jiangsu, na Tanzania Bara mwaka 1968 kutoka Shandong, na akupancha ilikuja nao. Baadaye, miaka ya 1990, zikaenea kliniki za binafsi Dar es Salaam na miji mingine, na huko ubora hutofautiana. Sheria ya mwaka 2002 iliunda Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, lenye jukumu la kusajili watoa huduma hawa. Kuomba kuonyeshwa cheti cha usajili si utovu wa adabu.

Kwa wenzangu wauguzi wa vitengo vya usafishaji damu, nina ombi. Mgonjwa akiwa anapimwa uzito, mwulizeni pia: "Kuanzia 0 hadi 10, muwasho wako wa jana ulikuwa ngapi, na ulilala saa ngapi?" Yaandikwe majibu katika daftari lile lile la shinikizo la damu. Yeyote anayeanza tiba mpya, iwe gabapentini, mafuta au sindano, atazamwe kwa wiki 4. Alama zikishuka kwa 3 au zaidi, aendelee kama haimwumizi wala haimfilisi. Zisiposhuka, aache, fedha zake zifanye kazi nyingine.

Mwalimu alianza mzunguko wa tatu. Alama yake ilikuwa 9, na baada ya miezi miwili ikawa 5. Sindano hakuzisahau: binti yake alimtafutia tabibu mwenye usajili, na humchoma Alhamisi, siku isiyo ya mashine, katika mkono wa kulia. Wiki iliyopita daftari lilisomeka 4.